Deni la Uzeeni Lililolaza Ndege Nairobi

Saa 12 asubuhi ya Jumamosi, tarehe 5 Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waliacha kazi. Chama chao, KALPA, kilikuwa na wanachama zaidi ya 400, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikuwa imekwisha toa amri ya kuusimamisha mgomo huo. Hawakuitii. Safari zikaanza kufutwa moja baada ya nyingine, na katika muda wa siku chache abiria waliokwama wakapita 10,000. Menejimenti ilisema kampuni inapoteza takriban shilingi milioni 300 za Kenya kwa siku.

Watu wengi waliposikia habari hiyo walidhani ni yale yale ya kudai nyongeza ya mshahara, na wengi walikasirika, kwa sababu rubani anajulikana kuwa mwajiriwa anayelipwa vizuri. Lakini dai kuu la KALPA lilikuwa jingine. Mwaka 2020, wakati wa korona, kampuni ilisimamisha mchango wake katika mfuko wa akiba ya uzeeni, na sehemu ya mishahara ikazuiliwa. Marubani walitaka mchango urudishwe na malimbikizo yalipwe. Ndege zililala chini kwa ajili ya pesa ambazo mtu huzipata akishaacha kazi.

Anayeijua historia ya usafiri wa anga katika ukanda huu hawezi kulichukulia jambo hilo kijuujuu, kwa kuwa Kenya Airways yenyewe ilizaliwa siku ambayo wafanyakazi wengine walipoteza uzee wao.

Kabla yake palikuwa na East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946 na serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ilianza na ndege ndogo za Dragon Rapide, zilizoundwa kwa mbao na kitambaa, na kufikia miaka ya 1960 ilikuwa ikirusha Comet na Super VC10 hadi London. Baada ya uhuru ilibaki mali ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania, sawa na reli, bandari na posta. Marubani, mafundi, makarani na wapagazi walikuwa waajiriwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtu wa Mwanza aliweza kufanya kazi Nairobi miaka 15 na akahesabu kwamba malipo yake ya uzeeni yako salama, kwani nchi tatu zilikuwa zimeyawekea dhamana.

Dhamana hiyo ilivunjika mwaka 1977. Madeni baina ya wanachama yalikuwa hayalipiki, siasa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zilikuwa zimechacha, na ndege nyingi zilikuwa Nairobi. Mnamo Januari Kenya ikaunda Kenya Airways. Mnamo Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mwezi uliofuata ikaunda Air Tanzania. Uganda nayo ikashika njia yake. Wanasiasa waligawana ndege, mabehewa na meli. Kugawana deni la mafao ya wafanyakazi kulichukua muda mrefu zaidi. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi ya miaka hadi makubaliano yaliposainiwa Arusha mwezi Mei 1984, ambapo kila nchi ilikubali kubeba mafao ya raia wake.

Kukubali kulikuwa jambo moja, kulipa jambo jingine. Nchini Tanzania, “wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki” wakawa habari ya kudumu ya magazeti. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2005 wakafikia makubaliano na serikali, malipo yakaanza, na bado wengi wakasema walichopewa si kile walichostahili. Wazee wenye mikongojo waliandamana Dar es Salaam wakidai jasho la ujana wao, na wenzao wengi walikuwa wameshatangulia mbele ya haki bila kupata chochote. Kwa hiyo mfanyakazi wa ndege wa Afrika Mashariki anapoambiwa kwamba mchango wa uzeeni “umesimamishwa kwa muda”, ana kila sababu ya kushtuka.

Kenya Airways yenyewe ilianza vibaya, ikatengemaa. Mwaka 1996 serikali ya Kenya iliuza sehemu kubwa ya hisa zake: asilimia 26 zikaenda KLM ya Uholanzi, nyingine zikauzwa kwa umma kupitia Soko la Hisa la Nairobi. Walimu, wakulima na wafanyabiashara wadogo walinunua hisa na kujiona wamiliki wa shirika la ndege. Kwa miaka kadhaa kampuni ilipata faida na kusifiwa barani kote.

Kilichofuata ni mpango ulioitwa Mawingu. Ulilenga kuongeza ndege na vituo kwa kasi hadi mwaka 2021, na ulihitaji mtaji mkubwa. Mwaka 2012 kampuni iliwaendea wanahisa ikitafuta zaidi ya shilingi bilioni 20 ikapata bilioni 14.5. Mwaka huo huo ilipunguza wafanyakazi karibu 600, wakiwemo wahudumu wa ndani ya ndege, na kesi yao ikazunguka mahakamani kwa miaka. Halafu misiba ikafuatana. Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa abiria wa kimataifa katika Uwanja wa Jomo Kenyatta. Septemba likatokea shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, na watalii wakakimbia. Mwaka 2014 Ebola ikafunga njia za Afrika Magharibi, wakati ambapo ndege mpya za Boeing 787 zilikuwa zimeanza kuwasili na mikopo yake. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 hasara ilikuwa shilingi bilioni 25.7. Mwaka uliofuata, bilioni 26.2. Ndege ambazo zilinunuliwa kuwa alama ya ukuaji zikakodishwa kwa wengine: 777 tatu zikaenda Turkish Airlines, na 787 mbili zikaenda kuruka kwa jina la Oman Air.

Marubani walianza kusema kwa sauti kwamba waliopanga Mawingu ndio wawajibike. Mwishoni mwa Aprili 2016 walisusa kazi kwa muda mfupi. Oktoba mwaka huo walitoa ilani ya mgomo na kutaja majina: walitaka mwenyekiti wa bodi, Dennis Awori, na mtendaji mkuu, Mbuvi Ngunze, waondoke. Mgomo ukaepukwa. Awori alimpisha Michael Joseph, na Ngunze akatangaza kuwa ataondoka mwaka uliofuata. Nadhani hapo KALPA ilijifunza kwamba tishio la kutopaa lina nguvu kuliko kikao chochote, na bodi nayo ikajifunza kuwaona marubani kama wapinzani. Mwaka 2017 madeni ya serikali na ya mabenki yakageuzwa kuwa hisa. Serikali ikawa na asilimia 48.9, mabenki 38.1, KLM ikashuka hadi 7.8. Yule mwalimu aliyenunua hisa mwaka 1996 akabaki na kipande kidogo mno.

Kisha ikaja korona. Kuanzia Machi 25 hadi Agosti 1, 2020, Kenya ilisimamisha safari za kimataifa za abiria. Mishahara ilikatwa, mamia ya watu wakapoteza ajira, na hasara ya mwaka ikafika bilioni 36.2. Kusimamisha mchango wa uzeeni wakati ule kulieleweka. Ugomvi ulitokana na muda: anga ilifunguliwa, ndege zikajaa tena, mwaka 2021 ukapita, 2022 ukafika mwishoni, na mchango haukurudi. Menejimenti ilisema fedha hazipo na kwamba mgomo ungezamisha juhudi za kuifufua kampuni. Marubani walisema fedha za wakodisha ndege zinapatikana kila mwezi, kwa nini za wazee wa kesho zisipatikane? Kwangu mimi pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini hoja ya pili ndiyo iliyokosa jibu.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasiajiriwe wengine? Rubani hapatikani siku moja. Leseni yake imefungwa kwenye aina ya ndege. Anayerusha Embraer 190 kwenda Kigali hawezi kesho yake kushika 787 ya New York. Hupimwa afya na kujaribiwa mara kwa mara katika mtambo wa kuigizia urushaji, na saa zake za kazi zina kikomo cha kisheria. Australia ilipitia hayo mwaka 1989, pale marubani zaidi ya 1,600 wa mashirika ya ndani walipojiuzulu kwa pamoja wakidai nyongeza ya karibu asilimia 30. Waziri mkuu Bob Hawke alisimama upande wa waajiri, akaruhusu ndege za jeshi la anga zibebe raia, na marubani wa kigeni wakaletwa. Marubani wa Australia walishindwa na wengi hawakurudi kazini mwao, lakini usafiri uliyumba kwa miezi. Kenya isingeweza kuumudu muda huo, na KALPA ilijua.

Waliolipa kwanza ni abiria, na kati yao walioumia zaidi ni wa kuunganisha ndege. Nairobi ni njia panda. Ndege za alfajiri huleta watu kutoka Lubumbashi, Bujumbura, Entebbe, Dar es Salaam na Zanzibar, nao husubiri saa mbili au tatu kisha wakaendelea Mumbai, London, Guangzhou. Mkazi wa Nairobi ambaye safari yake imefutwa anarudi nyumbani kwa hasira. Aliyetoka Bujumbura na mama yake mgonjwa, akiwahi miadi ya daktari India, hana nyumbani pa kurudi. Mzigo ulishakabidhiwa. Dawa ziko ndani ya sanduku. Tiketi ya shirika jingine ikinunuliwa siku hiyo hiyo bei imeshapanda, kwa sababu wote waliokwama wanaitafuta hiyo hiyo. Wanafunzi wanakosa kuripoti chuoni, wanaokwenda kufanya kazi Ghuba wanahofia mkataba kuvunjwa, na maiti zinazorudishwa kwao kuzikwa zinasubiri katika ghala la mizigo huku matanga yakiendelea kijijini.

Na wafanyakazi? Rubani aliyegoma ana akiba, ana chama, ana wakili. Mhudumu wa ndani ya ndege hupata sehemu ya kipato chake kutokana na posho za safari, na safari ikifutwa posho haipo. Wanaofunga vyakula kwenye trei, wanaosukuma viti vya magurudumu, vibarua wa kupakia mizigo wanaolipwa kwa zamu, madereva wa teksi wanaopanga foleni nje: hao hawakuulizwa lolote, na hakuna aliyewarudishia siku zao. Karani wa kaunta, ambaye hakuwa na neno katika bodi wala katika chama cha marubani, ndiye aliyesimama siku nne mbele ya watu waliomfokea. Mchango wake wa uzeeni ulikuwa mashakani vilevile. Hapa ndipo ninapoilaumu KALPA: ilikuwa na dai ambalo lingewahusu wafanyakazi wote, lakini ikalipigania peke yake, na wenzao wakabaki kuhesabu hasara.

Novemba 8, Jaji Anna Mwaure aliwaamuru marubani kurejea kazini saa 12 asubuhi ya siku iliyofuata, na akaitaka menejimenti iwapokee bila kuwasumbua wakati mazungumzo yakiendelea. Walirejea. Lakini ratiba ya ndege haiponi kwa amri ya jaji. Ndege inayotakiwa kuondoka Accra mchana iko Nairobi, wahudumu wake wako Johannesburg, na abiria wa siku nne wanagombea viti vya siku moja. Hesabu za mwaka 2022 zilipotoka zilionyesha hasara ya bilioni 38.26, ambayo kwa sehemu kubwa ilitokana na madeni ya zamani na kushuka kwa thamani ya shilingi. Mgomo wa siku nne haukuwa chanzo chake. Baadaye mambo yakageuka, na kwa mwaka 2024 kampuni ikatangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza katika miaka 11.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inataka ilani ya siku saba, na inawaweka waongoza ndege katika orodha ya huduma muhimu. Marubani hawamo humo. Sioni sababu ya kuwapokonya haki hiyo. Kilichokosekana mwaka 2022 ni ulinzi wa mtu wa tatu, yaani abiria, na tofauti iliyopo inauma. Abiria aliyekuwa apande Kenya Airways kutoka Amsterdam au Paris analindwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004: safari ikifutwa anapewa chakula, malazi na njia nyingine ya kufika, na fidia inayofikia euro 600. Machi 2021, katika kesi iliyotokana na mgomo wa marubani wa shirika la SAS, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa mgomo ulioitishwa kihalali na chama cha wafanyakazi wa shirika lenyewe hauliepushi na fidia, kwa sababu mahusiano na wafanyakazi ni sehemu ya shughuli za kila siku za shirika. Kanuni hiyo haimhusu anayepanda ndege ya kampuni hiyo hiyo kutoka Nairobi kwenda Amsterdam, wala yule mgonjwa wa Bujumbura. Abiria wa Nairobi hubaki na Mkataba wa Montreal wa usafiri wa anga wa kimataifa, ambao humtaka athibitishe hasara yake kwa risiti na kuidai mwenyewe. Bunge la Afrika Mashariki liko Arusha, mji ule ule ambako deni la wastaafu liligawanywa mwaka 1984. Wabunge wake husafiri kwa ndege hizi hizi, na wana uwezo wa kutunga sheria itakayomlipa abiria wa Bujumbura kama anavyolipwa wa Paris.