Picha Isitikisike

Mtu akisimamisha kamera ufukweni Mununga, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, akitaka kuunda filamu ya mtumbwi unaoingia kwa picha zilizopigwa mojamoja, adui wake wa kwanza si maji bali mchanga. Kila kidole kinapobonyeza, stendi huzama kidogo, na picha ya kumi haikai tena palipokaa ya kwanza. Picha zikichezwa kwa mfululizo, mtumbwi unakwenda vizuri, lakini ufuko mzima unarukaruka nyuma yake. Mafundi wa filamu hizi wamepambana na kurukaruka huko kwa zaidi ya miaka mia moja, na sehemu kubwa ya historia ya fani yao ni ya kutafuta namna ya kutuliza kile kisichotakiwa kusogea.

Mwaka 1908, Mfaransa Émile Cohl alichora picha zipatazo 700 kwa ajili ya filamu fupi ya Fantasmagorie. Alilaza karatasi juu ya kioo kilichowashiwa taa kwa chini, mchoro uliotangulia ukapenya, naye akachora unaofuata ukiwa umesogea kidogo tu. Winsor McCay wa Marekani alikuwa na tatizo kubwa zaidi, kwa sababu dinosaria wake Gertie, wa mwaka 1914, alisimama mbele ya miamba na ziwa. Alitia alama za msalaba kwenye pembe za karatasi ili zipangike sawasawa, na kijana msaidizi wake, John Fitzsimmons, akainakili mandhari ileile upya kwenye kila karatasi, maelfu ya mara. Tazama filamu hiyo leo: miamba bado inatetemeka. Mkono wa binadamu hauwezi kunakili jiwe mara elfu bila kuyumba.

Tiba ilipatikana miaka hiyohiyo. Raoul Barré alitoboa matundu kwenye karatasi na kuzivalisha kwenye vigingi, zisiweze kuteleza. Earl Hurd naye akaomba hataza ya kuchora wahusika kwenye karatasi angavu za seluloidi, zilizolazwa juu ya mandhari iliyochorwa mara moja tu. Kuanzia hapo picha ikawa na matabaka: la chini limetulia, la juu linatembea. Mjerumani Lotte Reiniger aliichukua hoja hiyo mbali zaidi alipokitoa kisa cha Mwanamfalme Ahmed kutoka Alfu Lela Ulela, mwaka 1926, kwa vivuli vya karatasi nyeusi vilivyokatwa kwa mkasi na kusogezwa juu ya vioo vyenye taa.

Pwani ya Waswahili nayo ilikuwa na mafundi wa matabaka, ingawa picha zao hazikutembea. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993, alianza kama mpiga picha wa mitaani kabla ya kufungua studio yake. Alikata sura za wateja, akazipachika ndani ya picha nyingine, kisha akaipiga picha kazi nzima upya ili kingo za mkasi zifichike. Mtu anayejifunza kompyuta leo hufanya jambo lilelile kwa kipanya, na mara nyingi kwa uangalifu mdogo zaidi.

Ng'ambo ya Mweru ni Kongo, na huko ndiko historia hii inakonoga zaidi. Padri Mbelgiji Alexandre Van den Heuvel alitengeneza filamu za katuni za Mboloko, yule paa mdogo mjanja wa ngano, katika miaka ya 1950. Miongo kadhaa ikapita kabla Mkongo mwenyewe hajashika kazi hiyo kwa jina lake. Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mzaliwa wa Lubefu katika Sankuru, mwaka 1957, aliunda studio ya Malembe Maa mwaka 1988. Filamu yake ya chura aliyekwenda ukweni, iliyotoka mwaka 1991, ilitokana na ngano ya Watetela. Mwaka uliofuata alitumia michoro ya watoto kusimulia uporaji uliofanywa na wanajeshi mjini Kinshasa, Septemba 1991. Mistari ya watoto haijanyooka wala haikai mahali pamoja, na kwa kisa kile ingekuwa kosa kuinyoosha.

Kompyuta ilihamisha vigingi na vioo hadi kwenye skrini. Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, ilipata matabaka katika toleo la 3 mwaka 1994. GIMP, iliyotolewa mwaka 1996 na wanafunzi wawili wa California, inafanya kazi hiyo bure, jambo lenye uzito kwa vijana wasio na leseni. Mwaka 2007 Photoshop ikaongezewa uwezo wa kupanga matabaka yenyewe: inatafuta vitu vinavyoonekana katika picha zote mbili, inakisia kamera ilisogea au kuzunguka kiasi gani, kisha inairudisha picha mahali pake.

Ziwani mbinu hiyo huweza kudanganyika. Mng'aro wa mawimbi ni maelfu ya nukta zinazobadilika, na programu ikiziamini, inapanga picha kwa kufuata maji yasiyotulia. Basi fundi hurudia njia ya Cohl. Anapunguza ukolezi wa tabaka la juu hadi nusu, la chini linapenya, na kwa vitufe vya mishale anasogeza shina la mti lilale juu ya shina. Au anaweka tabaka la juu katika hali ya kuonyesha tofauti: palipolingana panakuwa peusi, palipopishana panang'aa. Picha zilizosogezwa huacha pengo pembeni, kwa hiyo zote hukatwa kwa fremu moja iliyo ndogo kidogo. Kwa kasi ya picha 12 kwa sekunde, dakika moja inadai picha 720. Afadhali kubeba mawe ya kukandamizia stendi.

Nairobi, studio ya Homeboyz ilitumia matabaka hayo kwa Tinga Tinga Tales, iliyoanza kurushwa mwaka 2010, ikiwatembeza wanyama wa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyewachora kwenye ubao wakiwa wametulia tuli. Ng'endo Mukii, Mkenya, katika Yellow Fever ya mwaka 2012, alichanganya michoro ya mkono na miili ya watu halisi iliyopigwa picha mojamoja. Ngozi iliyo hai haikubali kukaa kimya, na filamu hiyo inazungumzia ngozi. Zambia yenyewe ilipata nafasi mwaka 2023, Netflix ilipotoa Supa Team 4, mfululizo uliobuniwa na Malenga Mulendema kuhusu wasichana wa Lusaka. Wasichana hao waliundwa ndani ya kompyuta, ambako hakuna stendi ya kuzama.