Kibet Bull

Kibet Bull, ambaye jina lake halisi ni Gideon Kibet, ni mchoraji wa katuni kutoka Kenya aliyevuma mwaka 2024 kwa michoro ya kivuli iliyomkejeli Rais William Ruto. Michoro hiyo haikupitia gazeti lolote. Aliichapisha mwenyewe katika mitandao ya kijamii. Desemba mwaka huo alitekwa nyara, na kisa chake kikawa kipimo cha uhuru wa wasanii wa mtandaoni nchini humo.

Usuli

Kwa miongo mingi katuni za Kenya zililelewa na magazeti. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kizazi baada ya kizazi. Gado (Godfrey Mwampembwa), aliyehamia Nairobi kutoka Dar es Salaam mwaka 1992 kufanya kazi na kampuni ya magazeti ya Nation, aliwachora marais bila kuwaonea haya. Hata hivyo, mchoraji wa gazeti humtegemea mwajiri. Mwaka 2015 Tanzania ilipiga marufuku The EastAfrican, gazeti la kampuni hiyo, muda mfupi baada ya gazeti hilo kuchapisha katuni ya Gado kuhusu Rais Jakaya Kikwete. Mwaka uliofuata Nation haikuurefusha mkataba wake.

Maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, Juni 2024, yalifungua ukumbi mwingine. Yalifika hadi Eldoret, makao makuu ya Uasin Gishu, kaunti alikozaliwa Ruto, ishara kwamba hasira ya vijana haikujali ngome za kisiasa. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na kesho yake Rais akakataa kutia saini mswada huo. Barabara zilipotulia, ukosoaji uliendelea kwenye simu.

Mtindo

Katika mchoro wa kivuli mhusika hujazwa weusi mtupu. Hana macho, mdomo wala kunyanzi la uso; msomaji humtambua kwa umbo la kichwa, mabega na mkao. Hakuna maelezo marefu ya kusoma, hivyo ujumbe huonekana mara moja hata kwenye kioo kidogo cha simu, na kuusambaza ni kazi ya sekunde chache.

Kutekwa na kuachiliwa

Kibet alitoweka Nairobi tarehe 24 Desemba 2024, baada ya kukutana na Seneta wa Busia, Okiya Omtatah. Ndugu yake, Ronny Kiplangat, alikuwa ametoweka siku chache kabla. Polisi walikana kuhusika. Wakati huohuo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema watu 82 walikuwa wametekwa tangu Juni, na 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani walipo. Tarehe 27 Desemba, akiwa Homa Bay, Ruto aliahidi kwamba utekaji ungekomeshwa. Siku tatu baadaye Omtatah alikamatwa jijini Nairobi pamoja na waandamanaji waliodai vijana waliotekwa waachiliwe. Mahakama Kuu nayo iliingilia kati, na Inspekta Jenerali wa Polisi akatakiwa kufika mbele yake.

Kibet alipatikana akiwa huru tarehe 6 Januari 2025 huko Luanda, Kaunti ya Vihiga. Siku hiyo vijana wengine waliotekwa, akiwemo ndugu yake, walipatikana pia.

Umuhimu

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinautaja ubunifu wa kisanaa kuwa sehemu ya uhuru wa kujieleza, na kinaweka mipaka kama vile uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Kifungu cha 49 kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku inayofuata ya kazi ya mahakama ikiwa saa hizo zinaishia nje ya saa za mahakama. Aliyeona michoro ya Kibet imevuka mipaka alikuwa na njia hiyo ya wazi, na haikufuatwa.

Mtandao ulimwondoa mhariri mwenye uwezo wa kuizuia katuni. Uliwaondoa pia mwajiri na mwanasheria wa gazeti, ambao humkinga mchoraji mambo yanapoharibika. Katika kisa hiki pengo hilo lilizibwa na familia, mawakili, mahakama na wananchi waliokataa kunyamaza, na msanii wa mtandaoni anastahili ulinzi huo kabla hajatoweka.