Makbeth: tanzia ya Kiingereza katika Kiswahili

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

TANZIA ni tamthiliya ambayo mhusika mkuu huangamia, aghalabu kwa kasoro yake mwenyewe. Msomaji wa Mpanda, mkoani Katavi, hahitaji Kiingereza ili aionje: Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, naye Samuel Mushi akatoa Makbeth mwaka 1968.

Wachawi watatu wanamtabiria Makbeth ufalme. Hawamtumi kuua; jambia analishika mwenyewe, akamuua Mfalme Duncan, tena mgeni aliyelala nyumbani kwake. Hapo pana uzito kwetu tuliozoea kumlaumu mpiga ramli.

Katika Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, inayohusu Vita vya Majimaji, ni mtabiri mwenyewe anayeingiwa na shaka, wafuasi wakiwa wamekwisha kuamini maji.