Machungu yaliyofichwa moyoni yanavyoudhuru mwili

MTU anapofiwa, kuachishwa kazi au kudhulumiwa, mara nyingi huambiwa ajikaze. Mwanamume, hasa, hufunzwa tangu utotoni kwamba machozi ni aibu. Hurejea kazini, na jamaa zake wakadhani yamepita. Miezi kadhaa baadaye huanza kulalamikia kichwa, mgongo au moyo kwenda mbio, naye daktari akimpima haoni ugonjwa.

Maumivu hayo si ya kubuni. Ubongo unapohisi tishio, liwe la simba au la deni, huziamrisha tezi zilizo juu ya figo kutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Mapigo ya moyo huongezeka, shinikizo la damu hupanda, misuli hukazika na sukari huzidi katika damu ili mtu apate nguvu za kupigana au kutoroka. Hatari ikipita, mwili hutulia.

Tatizo huzuka pale mtu anapoibeba hatari hiyo akilini usiku na mchana. Homoni zilizokusudiwa kumlinda kwa muda mfupi humdhuru kwa miezi. Usingizi hupotea, kinga ya mwili hudhoofika na vidonda huchelewa kupona. Akilini huingia wasiwasi, hasira za ghafla na hata sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Baadhi hukimbilia pombe, ambayo huongeza mzigo badala ya kuutua.

Mshtuko wa ghafla nao waweza kuuathiri moyo wenyewe. Mwaka wa 1990, madaktari wa Japani walieleza maradhi waliyoyaita takotsubo, jina la chungu cha kunasia pweza, kwa kuwa moyo hubadilika umbo ukafanana nacho. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, mara nyingi baada ya msiba. Wengi hupona, lakini baadhi hufariki.

Hata hivyo, si kila ugonjwa husababishwa na mawazo. Vidonda vya tumbo hutokana zaidi na bakteria waliogunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren nchini Australia mwaka wa 1982, au na matumizi ya baadhi ya dawa za kutuliza maumivu. Kwa hivyo ni muhimu mgonjwa apimwe kwanza.

Kuhusu tiba, mwaka wa 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha utafiti ambapo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15, kwa siku 4 mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza. Walioeleza tukio pamoja na hisia zao walihuzunika siku hizo, lakini katika miezi iliyofuata walimwendea daktari mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida.

Asiyependa kuandika anaweza kumweleza rafiki anayejua kutunza siri, kiongozi wa dini au mshauri nasaha. Anayewaza kujitoa uhai anafaa kufikishwa hospitalini bila kukawia. Nchini Kenya, hofu ya kushtakiwa iliwanyamazisha wengi hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua kinakiuka Katiba.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Huzuni nayo ni maradhi yasiyofaa kufichwa.