Karatasi Mbili za Piper Alpha

Jukwaa la Piper Alpha lilijengwa kwa ajili ya mafuta. Lilisimama kilomita 193 kaskazini-mashariki mwa Aberdeen, Uskoti, kwenye kina cha mita 144, na lilianza uzalishaji Desemba 1976. Waliolichora waliligawa katika sehemu kubwa nne, A hadi D, wakapanga za hatari zaidi ziwe mbali na malazi ya wafanyakazi. Mpango huo ulikuwa wa busara. Kisha serikali ya Uingereza ikataka gesi iliyokuwa ikichomwa angani ikusanywe na kuuzwa, na mitambo ya kushindilia gesi ikaongezwa katika sehemu C. Jirani yake, sehemu D, ndimo kilimokuwa chumba cha kuongozea mitambo. Ukuta uliozitenganisha uliwekwa wa kuzuia moto, kwa sababu adui wa mafuta ni moto. Adui wa gesi ni mlipuko kwanza, na ukuta ule haukujengwa kuuhimili.

Tarehe 6 Julai 1988 mafundi wa zamu ya mchana waliiondoa vali ya usalama ya pampu A, mojawapo ya pampu mbili zilizosukuma kondenseti, yaani kimiminika chepesi kinachotengana na gesi inapopoa. Vali ilihitaji kupimwa upya. Jioni ilipofika ilikuwa bado haijarudishwa, na tundu la bomba likafunikwa kwa bamba la chuma ambalo, kama uchunguzi ulivyohitimisha baadaye, halikukazwa kiasi cha kuzuia gesi.

Pampu hiyohiyo ilikuwa na kibali kingine, cha matengenezo makubwa ambayo hayakuwa yameanza. Kwa hiyo zilikuwepo karatasi mbili juu ya mtambo mmoja. Ya matengenezo ilijulikana chumbani mwa kuongozea. Ya vali, ambayo kazi yake ilisitishwa hadi kesho yake, ilihifadhiwa kwa namna ambayo mtu aliyetafuta habari za pampu A hakulazimika kukutana nayo: vibali vilipangwa kufuata mahali pa kazi, na vali ilikuwa ngazi ya juu, mbali na pampu iliyoilinda. Katika makabidhiano ya zamu hakuna aliyeitaja.

Saa 3:45 usiku pampu B ilizimika, ikagoma kuwaka. Kondenseti ilikuwa ikijaa, na isingeondolewa upesi, uzalishaji wa gesi ungesimama, na pamoja nao gesi iliyoendesha jenereta za umeme. Wanaume wa zamu ya usiku wakapekua vibali, wakakiona cha matengenezo, wakaona kazi haijaanza, wakaamua kuiwasha pampu A. Kwa habari walizokuwa nazo sioni wangeamua vingine. Karibu saa 4 gesi ikavuja kupitia lile bamba na kulipuka. Chumba cha kuongozea kikaharibika mara moja, na pamoja nacho uwezo wa kutoa amri jukwaani.

Pampu za maji ya kuzimia moto zilipaswa kuwaka zenyewe. Ila wapiga mbizi walikuwa majini, na desturi ya Piper Alpha ilikuwa kuziweka pampu hizo katika hali ya kuwashwa kwa mkono wakati huo, mpiga mbizi asije akafyonzwa. Kwenye jukwaa la jirani la Claymore jambo hilo lilifanywa tu pale wapiga mbizi walipokaribia midomo ya mabomba. Piper Alpha lililifanya kila mara. Waliojaribu kuzifikia pampu walizuiwa na moto. Claymore nalo liliendelea kusukuma mafuta katika bomba la pamoja, maana aliyeliongoza hakutaka kusimamisha uzalishaji bila idhini. Saa 4:20 bomba kubwa la gesi kutoka jukwaa la Tartan lilipasuka kwa joto, na baada ya hapo hapakuwa na moto wa kuzimwa na binadamu. Wengi walikuwa wamekusanyika kwenye malazi, kama walivyofundishwa, wakisubiri helikopta ambazo zisingeweza kutua katika moshi ule. Kati ya watu 226 waliokuwa jukwaani walinusurika 61. Waliokufa, pamoja na waokoaji 2 wa mashua, walikuwa 167.

Elimu ya kupima hatari ilikuwepo tayari. Michoro ya kufuatilia chanzo cha hitilafu, tawi kwa tawi, ilibuniwa katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya makombora ya Minuteman, kisha ikatumiwa kwenye vinu vya nyuklia. Katika Bahari ya Kaskazini waliotangulia kuichukua kwa uzito ni Wanorwei, nao walikuwa na kilio chao. Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la malazi la Alexander L. Kielland, lenye miguu mitano, lilipoteza mguu mmoja katika dhoruba na kupinduka. Kati ya watu 212 walikufa 123. Ufa ulianzia kwenye uchomeleaji mdogo wa kushikiza kifaa cha kusikilizia sauti majini. Ndani ya ufa huo wachunguzi walikuta rangi, maana yake ulikuwepo tangu chuma kilipokuwa kingali karakanani.

Mwaka uliofuata mamlaka ya petroli ya Norwei ilitoa mwongozo ulioweka namba wazi: kwa kila mojawapo ya aina tisa za ajali kubwa, uwezekano wa ajali inayozidi uwezo wa jukwaa usivuke 1 kwa 10,000 kwa mwaka. Mwaka huohuo wa 1981 ulianzishwa mradi wa OREDA, wa kukusanya kumbukumbu za vifaa vya baharini: pampu hii iliharibika mara ngapi, vali ile iligoma kufunga lini. Kazi hiyo haina fahari yoyote, lakini bila hiyo kila hesabu ya hatari ni ubashiri.

Hata hivyo hesabu hizo zina mtego, na Piper Alpha liliuonyesha waziwazi. Pampu moja ikigoma mara 1 katika 100, na ya pili vivyo hivyo, mhesabu huzidisha na kupata 1 katika 10,000. Jibu hilo ni sahihi iwapo tu hakuna kinachozifunga pamoja. Swichi ya hali ya mkono ilizifunga pampu zote za moto kwa uamuzi mmoja, hivyo wingi wake haukusaidia kitu. Kuna na jingine linalonikera zaidi. Kabla ya ajali, mshauri wa kitaalamu aliionya kampuni ya Occidental, iliyoliendesha jukwaa hilo, kwamba moto wa gesi wa muda mrefu ungelimaliza jukwaa. Suala hilo liliwekwa kando kwa hoja kwamba uwezekano wake ulikuwa mdogo mno hata ukachukuliwa kuwa hautatokea. Kati ya "ni mara chache" na "haitatokea" pana umbali mrefu, nao ulivukwa kikaoni bila mtu kushtuka.

Jaji wa Uskoti, Lord Cullen, alianza kusikiliza ushahidi Januari 1989, na ripoti yake ikatoka Novemba 1990 ikiwa na mapendekezo 106. Yote yalikubaliwa. Alieleza kuwa mkaguzi wa serikali alifika jukwaani Juni 1988, mwezi mmoja kabla ya maafa, na kwamba ukaguzi ule ulikuwa wa juujuu. Wizara ya Nishati, iliyosimamia usalama, ndiyo iliyohimiza uzalishaji pia. Cullen akataka usalama uhamishiwe kwa mamlaka inayoshughulikia usalama kazini. Kubwa zaidi, aligeuza mzigo wa kuthibitisha. Awali serikali iliandika masharti, na kampuni ikatimiza au ikaonekana kutimiza. Kwa kanuni za mwaka 1992, kila mwendeshaji alipaswa kuandika andiko la usalama la jukwaa lake, akionyesha ajali gani zinaweza kutokea, kwa kadiri gani, na amefanya nini juu yake. Bila andiko lililokubaliwa, hakuna kazi.

Mwaka 1993 Elisabeth Paté-Cornell wa chuo kikuu cha Stanford alichapisha uchambuzi wa Piper Alpha uliorudi nyuma hatua kwa hatua: kutoka vifaa vilivyoshindwa, hadi maamuzi yaliyovifanya vishindwe, hadi mazoea ya kampuni yaliyozaa maamuzi hayo. Nadhani ndiye aliyeisoma ajali hii vizuri kuliko wengi wetu tunaoishia kwenye bamba lililolegea.

Namba nazo hazikuachwa. Kanuni mpya zilidai kila jukwaa liwe na makimbilio ya muda yanayohimili moto, mlipuko na moshi kwa muda uliotajwa, na kipimo kilichotumika Uingereza ni kwamba uwezekano wa makimbilio hayo kushindwa usizidi 1 kwa 1,000 kwa mwaka. Kampuni ziliweka vali za kukata mabomba chini baharini, ili gesi ya jirani isilishe moto wa mwenzake. Mabaki ya Piper Alpha yaliangushwa majini Machi 1989. Jukwaa jipya, Piper Bravo, lilianza kutoa mafuta ya hazina ileile mwaka 1993, likiwa chini ya kanuni hizo.