Zilipendwa: Na Nani?

Neno "zilipendwa", ambalo Watanzania na Wakenya hulitumia kwa nyimbo za zamani zisizochuja, ni sentensi nzima iliyogeuzwa kuwa nomino: zi- huwakilisha nyimbo, -li- wakati uliopita, -pend- mzizi, na -w- kauli ya kutendwa, ambayo humruhusu mtenda asitajwe. Ukimya huo huchochea ubishi pale mashabiki wanapolinganisha albamu mbili za mwaka 1971: What's Going On ya Marvin Gaye, iliyo kilele cha soul, yaani muziki wa Wamarekani Weusi uliochota uimbaji wake kanisani, na Pawn Hearts ya Van der Graaf Generator, kundi la Uingereza lililopiga roki ya progresivu, yaani roki ya vipande virefu vinavyobadili mapigo ghafla (kimoja humo huzidi dakika 23, na si kila sikio hukivumilia). Anayedai kuwa ya pili haistahili kuitwa zilipendwa kwa sababu wengi hawaijui ana hoja dhaifu, kwani kauli ya kutendwa haihesabu wapendao. Isitoshe, Pawn Hearts ilishika nafasi ya kwanza katika chati za Italia.