Kikao Bila Wenyewe

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Hakuna aliyenifukuza. Karo ilikuwa shida, nikachoka, nikaona kamera inanitosha. Kila mtu ananiuliza nitarudi lini, na jibu langu ni moja: nikitaka. Sasa hilo neno "nikitaka" ndilo limenifanya nisome historia ya Afghanistan wiki nzima, kwa sababu tarehe 20 Desemba 2022 Taliban walitangaza kwamba wasichana wasikanyage chuo kikuu. Sekondari walikuwa washafungiwa. Machi 23 mwaka huo waliambiwa shule zinafunguliwa, wakafika na vitabu vyao, wakarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Kuna stori tumezoea, ati dunia ilienda kuwaokoa wanawake wa Kabul. Zii. Ukifuatilia vizuri, wao ndio walikuwa wanaivuta dunia.

Chukua Sima Samar. Ni wa jamii ya Hazara, na alimaliza udaktari Kabul mwaka 1982. Mumewe alikamatwa enzi za serikali ya kikomunisti na hakurudi tena. Mama huyu akakimbilia Quetta, Pakistan, akaanza kutibu wakimbizi wanawake, na 1989 akaanzisha shirika la Shuhada: hospitali, zahanati, shule. Wafadhili wa kigeni walileta pesa, sawa, lakini kazi walimkuta ashaianza.

Desemba 2001 Taliban wameanguka. Wakubwa wako Bonn, Ujerumani, wanapanga serikali mpya, na wanawake kikaoni ni wa kuhesabu kwa vidole. Kwa hivyo tarehe 4 na 5, wanawake wa Afghanistan wakafanya mkutano wao Brussels, wakisaidiwa na mashirika ya wanawake kutoka nchi zingine, wakaandika wanachotaka: elimu, matibabu, nafasi kwenye maamuzi. Samar mwenyewe akapewa unaibu mwenyekiti wa serikali ya mpito na wizara ya mambo ya wanawake. Hakumaliza hata mwaka. Vitisho vilizidi akatoka, kisha akaongoza tume ya haki za binadamu mpaka 2019.

Na hii sikuwa naijua kabisa: kati ya 2005 na 2009, Umoja wa Mataifa ulimpa kazi ya kufuatilia haki za binadamu Sudan. Hapa jirani yetu! Mwanamke wa nchi tunayoionea huruma ndiye alikuwa anaangalia mambo ya Darfur.

Katiba yao ya 2004 iliwapa wanawake angalau viti 68 kati ya 250 bungeni. Sisi tuliandika sheria ya theluthi mbili 2010, na bunge letu linaikwepa mpaka leo, lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine.

Februari 29, 2020, Marekani na Taliban wakatia saini mkataba wao Doha. Nimeusoma wote, si mrefu. Neno "wanawake" halimo. Hata mara moja. Septemba mwaka huo serikali ya Kabul ilipeleka watu 21 kuongea na Taliban, wanne wakiwa wanawake. Mmoja wao, Fawzia Koofi, alikuwa amepigwa risasi mwezi mmoja tu kabla, na bado akaenda. Upande wa Taliban ulikuwa wanaume watupu. Agosti 2021 Kabul ikaanguka.

Ungedhani dunia imejifunza. Mwishoni mwa Juni 2024 Umoja wa Mataifa ukaitisha mkutano Doha, Taliban wakahudhuria, na wanawake wa Afghanistan wakawekwa nje ya kikao kikuu. Waliongea nao baadaye, pembeni. Hapo ndipo nilifunga laptop nikaenda kutembea.

Lakini wao hawakunyamaza. Waliendelea kukusanya ushahidi na kusumbua kila ofisi, na Julai 8, 2025, mahakama ya Hague ikatoa hati za kukamatwa kwa Haibatullah Akhundzada, kiongozi mkuu wa Taliban, na jaji wao mkuu, Abdul Hakim Haqqani. Kosa ni kutesa watu kwa sababu ya jinsia. Sisi Wakenya tunaijua Hague, tuliona kesi zetu zikiporomoka moja baada ya nyingine, kwa hivyo sitawadanganya kwamba kesho mtu atavaa pingu.

Msichana aliyekuwa na miaka 13 Kabul ilipoanguka sasa ni rika la wengi wenu mnaosoma hii. Tangu darasa la sita, hajaruhusiwa kuingia darasa lingine.